Saa Sita ya Gari la Adelino

Mume wangu Adelino hawezi kula chakula cha jioni mpaka afunge kila kitu. Anafunga gesi. Anafunga bomba la uani. Anafunga banda la kuku, ingawa kuku wenyewe wamebaki watatu na wamezeeka kama sisi. Anakwenda mbele ya nyumba, anazungukazunguka kwenye gari, anafunga huko anachofunga. Akimaliza anarudi ndani, ananawa mikono, anakaa mezani na kusema, "Haya, sasa tule." Nimeyasikia maneno hayo kwa miaka thelathini na minne.

Tunaishi Gustine, mji wa maziwa katika bonde la California. Adelino alitoka kisiwani kwao Terceira, huko Ureno, akiwa kijana, akaja hapa kukamua ng'ombe. Alikamua mpaka goti likamshinda. Mimi naitwa Filomena. Nilikuwa mpishi wa shule ya msingi. Sasa sote tumestaafu, na kazi yetu kubwa ni dada yangu Lurdes.

Figo za Lurdes zimechoka. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi lazima awe kliniki ya Los Banos saa mbili na nusu asubuhi. Pale anakaa kwenye kiti kwa muda wa saa nne, na mashine inamsafisha damu. Akitoka, miguu haina nguvu na kichwa kinazunguka. Hawezi kuendesha gari. Kwa hiyo sisi ndio tunaompeleka. Adelino anashika usukani, Lurdes anakaa mbele, mimi nakaa nyuma na blanketi lake.

Lurdes ana hofu moja tu, nayo ni kuchelewa. Ukichelewa kliniki, wanakukatia muda wako kwenye mashine. Basi njia nzima anauliza, "Saa ngapi sasa?"

"Saa sita," Adelino anamjibu.

Hapo tunacheka, kwa sababu saa ya gari letu ni mbovu. Kila asubuhi inaanza saa sita kamili na kuhesabu kutoka hapo. Tukifika kliniki inasema saa sita na nusu.

"Shemeji," Lurdes humwambia, "kwa gari lako hili mtu hatakunywa chai maisha yake yote. Kila siku ni chakula cha mchana."

Gari hilo tulilinunua mwaka juzi kwa Padre Horácio, alipohamishwa parokia. Si jipya, lakini Padre alilitunza. Kabla ya hapo tulikuwa na pikapu ya zamani sana, yenye kelele za kuwatimua ng'ombe. Namshukuru Mungu kwa gari lile la Padre. Ndilo lililomweka dada yangu hai.

Mwaka huu barua ilifika. Hapa kwetu gari la umri ule hupimwa moshi kila baada ya miaka miwili. Likipita, unaletewa stika mpya ya kubandika kwenye namba. Stika yetu ilikuwa inaisha tarehe thelathini na moja Oktoba.

Adelino alilipeleka mapema, Jumatatu tarehe kumi na sita. Kituo cha kupimia hakiko mbali na kwetu. Baada ya nusu saa alirudi akaufunga mlango kwa kishindo.

"Limeanguka," akasema.

"Moshi umezidi?"

"Moshi? Moshi hawakuuangalia! Yule bwana amechomeka waya chini ya usukani, ametazama kompyuta yake, halafu ananiambia gari halijawa tayari."

"Tayari kwa nini?"

"Ndilo nililomwuliza! Nikamwambia, bwana, petroli imejaa, matairi yamejaa, mimi mwenyewe nimevaa viatu. Unataka utayari gani mwingine?"

"Akasemaje?"

"Akasema nikaliendeshe kwanza, kisha nirudi. Nikaliendeshe! Kwani pale nilifikaje? Nililibeba mgongoni?"

Wiki ile yote alilifanya gari liwe tayari kwa namna anayoijua yeye. Aliliosha mpaka chini ya mazulia. Alilipeleka kwa fundi kubadilisha oili na chujio la hewa. Alijaza petroli mpaka ikakaribia kumwagika. Jumatatu iliyofuata, tarehe ishirini na tatu, akavaa shati safi na kulipeleka tena.

Lilianguka tena, kwa neno lilelile.

Lurdes alikuwa kwetu siku hiyo, anamenya viazi. Alimaliza kwanza kiazi alichokishika. Kisha akasema, "Msijisumbue. Stika ikiisha, nitaruka siku moja moja mpaka gari litengemae. Nikienda mara mbili kwa wiki inatosha."

Niliweka kisu chini. Mwaka jana ukungu ulifunga barabara, akakosa siku moja tu. Kesho yake maji yalikuwa yamejaa mapafuni, anapumua kama mtu anayezama. Tulikaa naye hospitali siku tano. Naye alijua kwamba ninakumbuka, ndiyo maana hakunitazama.

"Huruki hata siku moja," nikamwambia.

"Basi mtanipeleka na nini?"

Kaunti ina gari la kubeba wagonjwa, lakini nilishapiga simu. Hawakuwa na nafasi mpaka Desemba. Na Adelino ni mtu ambaye hawezi kuendesha gari lisilo na stika. Akimwona polisi hata akiwa anatembea kwa miguu, hujikagua kama amevunja sheria.

Mchana huo alikuwa nje, amesimama mbele ya gari, mikono kiunoni, analitazama kama ng'ombe aliyegoma kutoa maziwa. Akapita Rosalba Quintero na mbwa wake. Rosalba anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, naye anafundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja huko Merced. Nilitoka nilipowasikia wanazungumza.

"Mzee Adelino, gari limekukosea nini leo?"

"Limekataa kuwa tayari, binti. Mara ya pili sasa."

"Karatasi walikupa?"

Adelino akampa. Rosalba akaisoma yote, mbele na nyuma. Nilisubiri acheke, lakini hakucheka.

"Hapa hawajasema gari ni bovu," akasema. "Wanasema halijamaliza kujipima."

"Kujipima?" nikauliza. "Lijipime lenyewe?"

"Ndiyo, mama. Ngojeni nimrudishe huyu mbwa, nije na kifaa changu."

Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo, kama simu ya zamani yenye waya mnene. Rosalba aliinama, akakichomeka chini ya usukani. Akafungua swichi bila kuwasha injini.

"Kwanza tazameni hapa," akasema. "Mnaiona taa hii ya injini? Ukifungua swichi iwake. Ukiwasha injini izime. Yenu inafanya hivyo, vizuri. Ingebaki inawaka, hapo lipo tatizo la kutengenezwa kwanza. Na isingewaka kabisa, hilo nalo lingekuwa kosa."

Kisha akatuonyesha kioo cha kile kifaa.

"Gari hili lina kompyuta ndani. Kila mnapoendesha, inakagua sehemu zinazozuia hewa chafu. Inakagua sensa, vile vipima hewa vilivyo kwenye eksozi, na vipasha joto vyake. Inakagua kisafisha moshi. Inakagua kama mvuke wa petroli unavuja kwenye tangi. Ukaguzi mmoja ukiisha, inaandika kwenye kumbukumbu yake: huu nimeumaliza. Yule mpimaji anasoma kumbukumbu hiyo. Asipokuta kitu, hawezi kulipitisha gari, hata liwe zima namna gani."

Hapo nilielewa, kwa sababu nilipika shuleni miaka ishirini. Mkaguzi wa afya akija jikoni hakutosheka na sufuria zinazong'aa. Alidai daftari la joto la friji, siku hadi siku. Daftari likiwa tupu, hata friji likiwa baridi kama barafu, hakuweka saini.

"Na daftari letu lina nini?" nikamwuliza.

"Halina kitu, mama. Tazama. Kaguzi tano, na zote zina alama ya msalaba. Na hapa kifaa kinasema gari limetembea maili mbili tu tangu kumbukumbu ifutwe."

"Maili mbili!" Adelino akaruka. "Binti, kifaa chako kimelewa. Juzi Jumamosi tumekwenda Los Banos na kurudi. Hizo peke yake ni maili arobaini!"

"Kuna mtu ameifuta. Nani amelishika gari karibuni?"

"Fundi aliyebadilisha oili."

"Betri imebadilishwa?"

"Betri ni ileile ya Padre."

"Basi atakuwa fundi," Rosalba akasema.

Masikini yule fundi. Jioni nzima tulimsengenya.

Kabla ya kuondoka, Rosalba alitufundisha namna ya kuendesha ili gari limalize kaguzi zake. Liwashwe asubuhi likiwa limepoa kabisa, likae linanguruma dakika mbili tatu. Mjini twende taratibu, tukisimama na kuondoka. Kwenye barabara kuu tushike mwendo mmoja wa maili hamsini na tano kwa saa, dakika kumi na tano, bila kuongeza wala kupunguza. Mahali ambapo hakuna gari nyuma yetu, Adelino aachie mafuta, gari lipunguze mwendo lenyewe bila breki.

"Na tangi likoje?" akauliza.

"Limejaa. Gari langu huwa limejaa."

"Usiongeze tena kwa sasa. Ukaguzi wa mvuke haufanyiki tangi likijaa sana, wala likikaribia kuisha. Nusu ndiyo nzuri."

"Kwangu mimi nusu ni tupu," Adelino akanung'unika. Lakini alitii.

Jumanne tulikwenda kliniki kama alivyotuelekeza. Lori za nyanya zilitupita zinapiga honi. Adelino hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye mshale wa mwendo.

"Shemeji, umebeba mgonjwa au jeneza?" Lurdes akamwuliza.

"Mwalimu kasema hamsini na tano."

"Haya. Saa ngapi sasa?"

"Saa sita."

Tuliporudi, saa tisa alasiri, Rosalba alikuja na kifaa chake. Alama tatu kati ya tano zilikuwa zimegeuka kuwa vema. Kilibaki kisafisha moshi na ule mvuke wa petroli. Kifaa kilisema maili arobaini na tatu. Adelino alifurahi kama ametoka kuzalisha ng'ombe mapacha.

"Kesho sina darasa mpaka mchana," Rosalba akasema. "Nitakuja saa tatu asubuhi nitazame tena, halafu mkaliendeshe kidogo. Keshokutwa Alhamisi tutakuwa tumekaribia."

Usiku ule nililala vizuri, mara ya kwanza tangu barua ifike.

Jumatano saa tatu, Rosalba alikuja na kikombe chake cha kahawa mkononi. Adelino alikuwa ameshatangulia nje, anafuta mikono kwa kitambaa. Rosalba akakaa kwenye usukani, akachomeka kifaa, akafungua swichi. Akatazama. Akachomoa, akachomeka tena, akatazama tena.

"Hazipo," akasema.

"Nini hazipo?" nikauliza.

"Zile tatu za jana. Misalaba mitano. Maili sifuri." Akatugeukia. "Nani ameligusa gari hili tangu jana?"

"Hakuna mtu," nikasema. "Limelala hapahapa mlangoni."

Zilibaki siku sita. Nilimfikiria Lurdes, anavyosema kuruka siku moja moja kana kwamba anazungumzia mlo. Rosalba alikuwa anagonga usukani kwa kidole. Kisha macho yake yakatua kwenye dashibodi.

"Mama Filomena, saa hii vipi? Inasema saa sita na dakika nne."

"Ah, achana nayo. Hiyo ni mbovu. Kila asubuhi ni saa sita."

"Kila asubuhi?"

"Tangu tulinunue."

"Na redio?"

"Redio nayo inasahau. Kila siku Adelino anaitafuta upya stesheni ya Kireno."

Rosalba aliweka kikombe chini. "Mama, saa hii si mbovu. Saa hii kila asubuhi inazaliwa upya. Kuna mtu anaikatia umeme."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa amewiva uso kama nyanya. Taratibu aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa spana ndogo, namba kumi, iliyong'aa kwa kushikwa.

Mifuko ya mashati yake naishona mimi. Kila mwaka inatoboka palepale, na kila mwaka namlalamikia kwa kubeba spana kama kalamu. Na kila jioni, kabla ya "Haya, sasa tule," husikia boneti ikifungwa. Nimeisikia miaka yote hiyo. Sikuwahi kujiuliza anafanya nini huko.

"Mimi nachomoa betri," Adelino akasema. "Kila jioni. Asubuhi nairudisha. Lakini hiyo si kugusa gari. Hiyo ni kulifunga tu."

"Kwa nini, mzee?" Rosalba akauliza, kwa sauti ya chini.

Adelino aliitazama ile spana. "Mwaka wangu wa kwanza hapa, trekta liliachwa ndani ya banda la nyasi kavu. Waya wa betri ulikuwa umechubuka. Banda likashika moto. Ndani kulikuwa na ndama kumi na tisa." Akaifumba spana kiganjani. "Niliwasikia. Kuanzia siku ile bosi alitoa amri. Kila jioni, kila mashine, betri ichomolewe. Akatupa kila mtu spana yake. Bosi amekufa, shamba limeuzwa. Mimi sijaacha."

Miaka thelathini na minne nimelala na mtu huyu, na habari ya wale ndama hakuwahi kuniambia. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilimshika mkono, huo wenye spana.

"Basi mimi ndiye niliyemponza Lurdes," akasema.

"Hapana," Rosalba akasema. "Hakuna ulichoharibu, mzee. Gari lako ni zima kuliko mengi ninayoyaona darasani. Betri ikichomolewa, kompyuta inasahau. Jana lilisoma, jioni ukalisahaulisha. Pikapu yako ya zamani haikujali, kwa sababu ile walipima kwa kuingiza bomba kwenye eksozi. Haikuwa na kumbukumbu ya kufutwa. Hili la Padre lina kumbukumbu."

"Lakini yule mpimaji angetuambia tu," nikasema.

"Hakujua. Na nitawaambia kitu kingine. Wako watu wanaochomoa betri kwa makusudi. Taa ya injini ikiwaka, badala ya kutengeneza, wanachomoa betri ili izime, halafu wanakimbilia kipimo. Ndiyo maana gari lenye kumbukumbu tupu halipiti. Mzee Adelino alionekana kama mmoja wa hao."

"Mimi?" Adelino akashtuka. "Mimi mlaghai wa moshi?"

Hapo tulicheka wote watatu, na kicheko kilitutoa mkazo.

Rosalba alifungua boneti. Alipitisha vidole kwenye waya wa betri, mwanzo mpaka mwisho, na kumwita Adelino naye apitishe vyake. Alitikisa betri kuona kama imekazwa. "Waya ni mzima. Betri imefungwa imara. Nyasi hapa hakuna. Ukitaka, kila jioni fungua boneti, tazama waya, nusa. Ukiona umechubuka, au ukisikia harufu ya kuungua, niite hata kama niko mezani. Lakini usichomoe."

Jioni ile Adelino alinikabidhi spana. "Ifiche," akasema. "Usiniambie umeiweka wapi."

Niliizika kwenye kopo la unga. Yeye alifunga gesi, akafunga bomba, akafunga kuku. Nikasikia boneti inafunguliwa. Kimya kirefu. Nikasikia inafungwa. Akaingia, akanawa mikono, akakaa. Halafu akainuka, akatoka tena kuliangalia gari. Alifanya hivyo mara tatu na chakula kikapoa. Sikumsema. Mtu aliyekuwa akilinda nyumba yake kwa mkono uleule miaka yote, si rahisi kuuambia mkono utulie.

"Haya," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Sasa tule."

Alhamisi asubuhi, Lurdes alipanda garini akatazama saa. "Saa nne na dakika thelathini na tano," akasoma. "Jamani, sasa imekuwa mwongo wa namna nyingine."

"Mwache adanganye," Adelino akasema. "Maadamu si saa sita. Hatumgusi mpaka gari lipite."

Tulikwenda kwa mwendo wa maili hamsini na tano, lori zikatupigia honi, na Lurdes akatuambia tuwapungie mkono. Alasiri ile Rosalba alipochomeka kifaa, alama nne zilikuwa vema. Ulibaki ule mvuke tu.

"Mnaweza kwenda kupimwa hata sasa," akatuambia. "Kwa gari la umri huu, sheria ya jimbo letu inaruhusu huo mmoja peke yake ubaki. Ila mkipata nafasi, msiende kwa kubahatisha. Pima kwanza nyumbani, ndipo uende. Vifaa kama hiki viko duka la spea, vya bei ndogo. Asiyetaka kununua, amwombe fundi amsomee kabla ya siku ya kipimo."

"Mmoja ubaki?" Adelino akasema. "Mimi nimeaibishwa mara mbili kwa neno tayari. Nataka zote tano."

Basi tulingoja. Jumamosi tangi lilishuka mpaka nusu, na Adelino alikaa akiutazama mshale ule kwa huzuni. Jumapili baada ya misa tulizunguka njia ndefu. Mchana Rosalba akachomeka kifaa, akakigeuza tuone. Vema tano.

Jumatatu tulikwenda wote kituoni, mimi na Lurdes tukakaa kwenye benchi. Mpimaji alichomeka waya wake. Alitazama kompyuta. Akamtazama Adelino, akamkumbuka.

"Liko tayari," akasema.

"Sema tena," Adelino akamwambia.

"Liko tayari, bwana. Limepita."

Adelino alimkumbatia yule mtu, na yule mtu hakujua aweke wapi mikono. Lurdes alikuwa anafuta macho kwa ukingo wa sweta lake. Hakusema neno juu ya kuruka siku, wala hajasema tena mpaka leo.

Mchana ule nilioka mikate yetu mitamu ya mayai, mitatu mikubwa. Nilipochota unga, spana ikagonga kijiko. Mkate wa kwanza Adelino alimpelekea fundi wa oili, akamwomba radhi kwa maneno ambayo fundi hakuyasikia yakisemwa. Wa pili tulijiwekea. Wa tatu nilimpelekea Rosalba, nikiwa nimefuatana na mume wangu.

"Binti, nikikulipa utakataa," nikamwambia. "Basi chukua huu, na chukua shukrani zangu. Dada yangu kesho atakaa kwenye kiti chake kwa sababu yako."

Adelino akatoa spana, bado ina unga. "Na hii chukua wewe. Ikibaki kwangu, mkono utakwenda wenyewe."

Rosalba aliipokea kwa mikono miwili. Anasema ameitundika darasani, na wanafunzi wakiuliza ni ya nini, anawasimulia habari ya ndama kwanza, ndipo anawafundisha habari ya kompyuta. Kabla hatujaaga, alikuja na sisi mpaka kwenye gari, akabonyeza vitufe viwili, akairekebisha ile saa.

Jumanne ilikuwa tarehe thelathini na moja. Tulimchukua Lurdes saa moja na nusu, kama kawaida. Tulipoingia barabara kuu akauliza, kama kawaida, "Saa ngapi sasa?"

Adelino alinyoosha kidole kwenye dashibodi.

Lurdes aliinama, akakunja macho. "Saa mbili kasoro kumi," akasoma. Akatazama saa ya mkononi mwangu, akatazama tena ile ya gari. Hakuuliza tena. Kila baada ya muda aliisoma mwenyewe, kwa sauti, kama mtoto anayejifunza. Saa mbili kasoro tano. Saa mbili kamili. Saa mbili na dakika tatu.

Tulipofika mlangoni mwa kliniki, Adelino alizima injini akazunguka kumfungulia mlango. Lurdes hakushuka. Aliweka mkono kwenye mkono wa shemeji yake.

"Tuna dakika ishirini na mbili," akasema. "Ngojeni kidogo tukae. Leo sina haraka."